Pambizoni

Muswada wako umefika, Kisia,
umefungwa kamba ya katani kama kuku wa sokoni Mudete.
Nimeusoma usiku wa juzi na wa jana, hapa Nakuru, chumbani kwangu Bondeni,
penseli nyekundu sikioni,
miguu ndani ya karai la maji moto.

Uliniomba nikague tahajia.
Tahajia haina kosa. Kosa ni wewe.

Ukurasa wa nne: "Tulikuwa maskini."
Nimeikata. Nani kakuuliza?
Andika mwiko ukikwangua ukoko,
krr, krr,
na sisi gizani tukihesabu mikwaruzo
tujue leo nani atalala ameulamba.

Ukurasa wa kumi na moja, mvua inanyesha.
Mvua gani?
Ya huku ina ladha ya magadi.
Ya Sabatia ilitufikia kwanza puani:
vumbi lililolowa mbali, moshi uliokataa kupaa,
ng'ombe akinuka ng'ombe mara mbili.
Kisha ikabisha kwenye lile bati moja la jikoni,
maana kwingine kote zilikuwa nyasi,
na nyasi hunyeshewa kimya.

Usiniambie Mama alikuwa mkali.
Nipe kiganja chake,
cheusi kwenye mikunjo kwa utomvu wa majani chai, hata Jumapili,
kikinifuta uso kabla ya kanisa
kama anayeparua samaki.
Msomaji atauona ukali.
Na lile jingine, ambalo hukuthubutu kuliandika,
ataliona pia.

Nilikuwa nimekuchoka. Maji yamepoa.
Ndipo nikafungua ukurasa wa thelathini na tisa.

Kumbikumbi.

Hapo hukunieleza kitu, mwana wa Mama.
Kuna kichuguu nyuma ya kwa Adagala.
Kuna vijiti viwili juu ya ubao, ta-ta-ti, ta-ta-ti,
tukiwadanganya wadudu kwamba mvua imefika.
Kuna blanketi linalonuka mkojo wa Kegode,
giza chini yake, joto la vichwa vitatu,
na mabawa ya kwanza yakitugusa shingoni,
makavu, mepesi,
kama karatasi inayojifunza kupumua.
Na yule wa kwanza, mbichi, mdomoni:
anautambaa ulimi kabla hujauma,
halafu mafuta, halafu karanga,
halafu kitu kama kosa.

Jirani akagonga ukuta: "We! Kunani?"
Kumbe ni mimi,
ninapiga ukingo wa karai kwa penseli.
Ta-ta-ti.

Lakini Kegode, Kisia.
Umemketisha kushoto kwako, anacheka kwa pengo,
bawa moja limenata kwenye ufizi.
Kegode hakuwepo msimu ule.
Surua ilikwisha kumchukua mwezi wa pili,
na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mwekundu,
kuku wakiuchakura, Mama akiwatupia mawe.
Chini ya blanketi tulikuwa wawili.

Nikakaza penseli niandike: si kweli.

Ila blanketi lilikuwa lake, hilo ni kweli.
Mama alikataa kulifua.
Tulijifunika nalo hadi Desemba
na hakuna aliyewahi kulalamika harufu.
Nimefumba macho, nimelinusa tena kwenye karatasi yako,
nikahesabu vichwa kama nilivyohesabu mikwaruzo ya mwiko:
mimi, wewe.
Nikahesabu tena.

Sijaandika kitu pambizoni mwa ukurasa ule.
Lile tone si chai, usilijali.
Naona kwenye mstari wa tisa uliandika kwanza "vichwa viwili",
ukakata, ukaweka "vitatu",
ukakata tena, ukarudisha.
Acha vitatu.

Na "blanketi" halihitaji herufi kubwa.